Kuchaji simu usiku si kosa: tuache kuwatisha wakimbizi, tuzungumzie chaja bandia

Kuna sauti inayozunguka tena katika makundi ya WhatsApp ya Butembo na Beni. Mtu asiyejitaja jina anasema kwa ukali kwamba simu ikilala kwenye chaja inageuka bomu, kwamba hata ikifika asilimia 100 umeme unaendelea kujazana ndani mpaka batri ipasuke, na kwamba kila mzazi mwenye akili achomoe simu yake na kuizima kabla ya kulala. Wasikilizaji wametuletea sauti hiyo redioni wakiuliza kama ni kweli. Jibu langu: sehemu kubwa si kweli. Na hiyo ya kuzima simu usiku, kwa watu wetu, ni ushauri mbaya kabisa.

Tuanze na batri yenyewe. Simu za leo, hata zile ndogo za batani, zinatumia batri ya lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991. Mwanzo umeme unaingia kwa nguvu. Batri inapokaribia kujaa, kwenye volti 4.2 hivi, umeme unapungua polepole, kama mama anayemimina mafuta kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na mwishoni simu inakata. Anayekata ni kifaa kidogo kilichomo ndani ya simu yenyewe. Baada ya hapo batri ikishuka kidogo, inaongezewa kidogo, basi. Simu nzima yenye chaja nzuri haipasuki kwa sababu eti imelala saa nane ukutani.

Hasara ipo, lakini ni ya namna nyingine. Batri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa kabisa mahali pa joto. Kuna vipimo ambavyo mafundi wa batri wanavitaja sana: batri iliyojaa, ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye joto la digrii 25, inabaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kwenye digrii 40 inabaki na 65 tu. Ile iliyohifadhiwa ikiwa na asilimia 40 ya umeme, kwenye digrii 25, inabaki na 96. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 simu za iPhone zinaweza kusimama kwenye asilimia 80 usiku na kumalizia karibu na asubuhi, na simu nyingi za Android nazo zina kitu kama hicho. Sisi wa Butembo, juu ya mita 1,700, baridi ya usiku inatusaidia bila kulipa. Beni kuna joto zaidi, na Kasindi usiseme. Lakini hata Butembo, simu ikiwekwa chini ya mto, ndani ya blanketi au kwenye godoro la sponji, joto lake linakosa pa kutokea. Hapo ndipo hatari inapoanza. Saa ya ukutani haina kosa.

Sasa tuje kwa huyo mshauri wa WhatsApp. Anaongea kama mtu ambaye nyumbani kwake umeme haukatiki. Hajui kwamba kuna nyumba ambako umeme unarudi watu wakiwa wamelala, na ukirudi lazima uukamate. Hajui familia iliyotoka Eringeti, Mbau au Mangurujipa, au iliyokimbia Kanyabayonga mwaka 2024, ambayo haina waya wowote juu ya turubai lake. Familia hiyo inapeleka simu kwenye nyumba ya kuchajia, inalipa faranga ambazo zingenunua chumvi, na mara nyingi simu inalala huko.

Na kuna jambo zito kuliko batri. Mauaji katika eneo la Beni yameendelea tangu Oktoba 2014. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kila mtu hapa anajua habari ya hatari inafika vipi: simu inalia usiku, shemeji anasema wameonekana mtoni, msipite njia ile, tokeni. Simu iliyozimwa saa tisa ya usiku haimwamshi mtu. Mtu anayemwambia mama mwenye watoto watano azime simu yake ili batri idumu miezi michache zaidi, amepima nini na nini?

Kama tunataka kukasirika, tukasirikie chaja. Ndani ya chaja nzuri, upande wa volti 220 umetenganishwa na upande wa volti 5 kwa nafasi na kwa vizuizi, ili umeme mkubwa usivuke hata siku ya mshituko, kama pale jenereta inapoyumba au umeme unaporudi kwa kishindo. Ndani ya chaja bandia nafasi hiyo imebanwa, vizuizi vimeondolewa, na vifaa vya kulinda havimo. Ishike mkononi, utasikia ni nyepesi kama ganda la karanga. Kwa nje imeandikwa jina la kampuni kubwa. Batri bandia nazo ni hivyo hivyo: kwenye karatasi wameandika uwezo mkubwa, ndani hamna.

Hata kampuni za kweli hukosea. Mwaka 2007 Nokia ilitangaza kwamba batri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata joto kali zikichajiwa, ikakubali kuzibadilisha bure. Mwaka 2016 Samsung ilirudisha simu zake za Galaxy Note 7 baada ya baadhi kuwaka. Waliziita zirudi kwa sababu jina lao lilikuwa juu ya kitu. Ile BL-5C bandia ya sokoni, ikiwaka ndani ya turubai, nani ataiita irudi? Muuzaji atakwambia uliilaza kwenye umeme. Na ni huyo huyo aliyekuagiza siku ya kununua uchaji kwanza saa 12 bila kuchomoa, au uache iishe mpaka sifuri kila mara. Hayo ni mambo ya batri za zamani za nikeli. Lithiamu haiyahitaji, na kuishiwa kabisa kunaiumiza.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba kobalti iliyomo ndani ya batri nyingi za dunia, zaidi ya nusu yake, inachimbwa katika nchi hii hii, Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka kama udongo, na kwetu inarudi batri ambayo hakuna mtu mahali pengine angekubali kuiuza.

Kwa anayesoma haya akiwa kambini au kwa familia iliyompokea: chaji usiku ukilazimika, lakini weka simu juu ya kitu kigumu, sahani au jiwe, mbali na blanketi na turubai, uivue kava yake. Chaja ikichoma mkono, ichomoe. Ukipata umeme mchana au paneli ya jua, toa simu ikifika 80, inatosha. Usiiache simu ndani ya jua juu ya paneli. Simu unayoihifadhi iache na nusu ya umeme, isiwe tupu. Batri iliyovimba imekwisha: usiitoboe, usiikandamize irudi mahali pake, usiitupe kwenye mbabula, na usimwachie mtoto achezee.

Wenye nyumba za kuchajia, msirundike simu thelathini moja juu ya nyingine kwenye meza ya mbao na kufunga mlango mkaenda kulala. Mtu mmoja abaki.

Na OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini, ituambie hadharani: chaja na batri zinazopita Kasindi zinapimwa vipi, na zilizokataliwa zinakwenda wapi? FEC ya Butembo nayo iseme wanachama wake wako tayari kurudisha pesa ya chaja iliyokufa ndani ya juma moja au la. Studio yetu iko wazi, na maswali nimeshayaandika.