Mtoto Kizimbani, Mkubwa Mtaani
Wiki hii, kwenye steji moja ya matatu mjini Nakuru, abiria walibishana kuhusu mvulana aliyedakwa na simu ya wizi. "Afungwe pamoja na wakubwa!" alifoka mama mmoja, na wengi wakaitikia. Hasira hiyo ina mizizi. Mwaka 2022 wanawake waliuawa majumbani mwao katika mtaa wa Mawanga, Nakuru, na jina la genge la Confirm likawakosesha watu usingizi. Hata hivyo, mwaka huohuo Sheria mpya ya Watoto ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikakataza mahakama kumhukumu mtoto kifungo cha jela au kifo, tena ikaruhusu baadhi ya watoto warekebishwe bila kesi. Si kwamba mtoto huachiliwa tu azurure. Yupo anayewekwa katika mahabusu ya watoto ya Nakuru, yupo anayepelekwa shule ya kurekebisha tabia kama ile ya Kericho. Mche uliopinda hufungiwa kigingi, haupigwi shoka. Wanaostahili jela ni watu wazima wanaowatuma watoto kuiba, kisha wakakaa kando kuhesabu faida. Kumfunga mvulana wa miaka 14 na wahalifu waliokomaa ni kuwarudishia hao kijana hatari zaidi ya yule waliyemtuma. Lakini watu wazima hao hawatajwi ovyo. Mzazi wa mitaa ya Rhonda au Kaptembwo atakayethubutu kuwataja kwa polisi anahitaji ulinzi usiku uleule, si ahadi ya uchunguzi.