Alunguli: mizizi ya maneno iingie katika somo la Kiingereza

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya Kiingereza imeongezeka. Lakini kwa mwanafunzi wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, kukariri orodha ndefu za maneno ni mzigo.

Njia nyepesi ipo, nayo inahitaji chaki na ubao tu: mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Jambo hilo si geni. Kwa Kiswahili, "soma" huzaa "somo" na "msomaji". Tena wanafunzi hao wanasomea kwa Kifaransa, lugha iliyotokana na Kilatini. Anayejua "porter", kubeba, ameshika ufunguo wa "import", "export" na "transport". "Tele" ya Kigiriki, yaani mbali, inafungua "telephone" na "television".

Mitego haikosekani: "library" ni maktaba, lakini "librairie" ni duka la vitabu. Ndiyo maana mwalimu anahitajika, si kubahatisha.

Wakaguzi na wakuu wa shule wa Kindu waipe njia hii nafasi. Hazina hiyo isibaki kwa wanafunzi wa Latin-philo peke yao.