Bahari Hailipi Kodi ya Nyumba

Kuna makala imetuambia kwamba waandishi wa safari wa kujitegemea wanaolalamikia msongo wa mawazo wanadeka tu: wanalipwa kutalii, bahari ni tiba tosha, na anayechoka apumzike.

Apumzike kwa likizo ya nani? Asiye na mwajiri hana likizo ya ugonjwa. Siku asiyoandika ndiyo siku asiyokula.

Ila hili la “kulipwa kutalii” limenichekesha hasa. Tunalipwa lini? Mwaka jana nilikwenda Lamu kwa fedha zangu: basi hadi Mokowe, boti, chumba Shela. Usiku wa pili niliamka saa tisa, nikatandaza risiti kitandani, moja imelowa maji ya chumvi hata wino umeyeyuka, nikazijumlisha mara ya nne kana kwamba hesabu ingenionea huruma. Bahari ilikuwa pale pale dirishani. Haikuchangia hata nauli. Makala yangu ilitoka baada ya miezi saba, na malipo yakafuata kwa mwendo wa kobe.

Na hiyo tiba? Anthony Bourdain, mwandishi na mtangazaji wa vipindi vya safari vya televisheni, aliizunguka dunia miaka mingi, tena kwa malipo ambayo sisi tunayasikia tu. Juni 2018 alijiua Ufaransa, akiwa kazini, akirekodi kipindi chake. Mandhari haikumkinga.

Siku hizi sipandi boti kabla nusu ya malipo haijaingia kwenye simu. Jumapili jioni nampigia dada yangu, mtandao usumbue usisumbue. Mshauri nasaha ninaye pia. Namlipa kwa awamu, kama friji.