Mtu Mmoja na Jembe Lake

Ukutani mwa ofisi moja mjini Korogwe niliona picha ya shamba la mahindi. Mtu mmoja ameegemea jembe, jua linazama, hakuna mwingine mpaka upeo wa macho. Mgeni niliyekaa naye kwenye benchi akasema, "Utulivu wa shamba huo!" Sikumjibu pale. Namjibu hapa.

Nimekulia Kwedizinga. Shamba kubwa hatukulilima peke yetu. Tuliita watu, mama akapika, majembe yakashuka pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Upweke niliujua pia, ila haukuwa utulivu. Ulikuwa ni kulala kwenye dungu, mtoto mdogo, nikipiga debe usiku kuwafukuza nguruwe mwitu. Mtu mzima aliyelima peke yake alikuwa amefiwa au ameachwa.

Upande wa Korogwe upo upweke mwingine, wa mkonge. Enzi za ukoloni watu waliletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na Njombe, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Walikuwa maelfu, na kila mmoja alikuwa mbali na kwao. Hao sijawaona ukutani.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga katika miaka ya 1950, kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, picha zilizompa jina, hadi alipofariki mwaka 1972, ni za wanyama na ndege. Simlaumu, mchoraji naye hula, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Nawalaumu wanaonunua utulivu usiokuwepo, nasi tunaoutundika.

Wala mtu asiseme kwamba picha ya mashamba haiwezi kubeba jasho. Mfaransa Jean-François Millet, mwaka 1857, alichora wanawake watatu walioinama kuokota masazo ya mavuno. Nyuma yao yapo malundo ya mwenye shamba, na msimamizi juu ya farasi. Wakosoaji wengi wa Paris walichukizwa. Walichukizwa kwa sababu walielewa.

Basi, ndugu mchoraji, jua lizame ukipenda. Lakini tuonyeshe shamba ni la nani, na nani nyumbani anangoja unga. Na huyo mtu mmoja, wenziwe wamekwenda wapi?