Maji Katika Hewa ya Maofisini: Nani Anayahitaji?

Msomaji aishiye Tanga au Mtwara huenda akastaajabu kusikia kwamba ziko nchi ambazo watu hununua mitambo kwa ajili ya kutia maji katika hewa ya majengo yao. Kwetu pwani taabu ni kinyume chake: chumvi hulowa ndani ya kopo na nguo huota ukungu kabatini. Lakini katika miji kama Chicago, Montreal na Stockholm, wakati wa majira ya baridi kali, hewa ya maofisini, madukani na mahotelini hukauka kama ile ya jangwani. Midomo hupasuka, macho huwasha, samani za mbao hufanya nyufa, na mtu akigusa kitasa cha mlango hushtuliwa na cheche ya umeme. Ndiyo maana wahandisi wengi wa huko huweka, ndani ya njia zinazosambaza hewa yenye joto, mtambo wa kupuliza mvuke au matone madogo ya maji. Mimi nadai kwamba katika ofisi ya kawaida mtambo huo ungepaswa kuwa wa mwisho kufikiriwa, si wa kwanza, na kwamba fizikia ifundishwayo katika shule zetu za sekondari yatosha kuonyesha sababu.

Tuanze na hesabu. Hewa yenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, hata iwe imeshiba mvuke kabisa, ina gramu 2 na kidogo tu za maji katika kila meta ya ujazo. Hewa hiyo ikivutwa ndani ya jengo na kupashwa joto hadi nyuzi 22 za Sentigredi, haipotezi maji yake. Lakini hewa ya nyuzi 22 ingeweza kubeba gramu 19 na zaidi. Kwa hiyo unyevu wake, ambao huko nje ulikuwa asilimia 100, ndani huhesabiwa kuwa asilimia 10 hivi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, kwani wameikariri asilimia bila kuuliza ni asilimia ya kitu gani.

Sasa tuseme mwenye jengo ataka unyevu wa asilimia 40. Itambidi aongeze karibu gramu 6 za maji katika kila meta ya ujazo. Jengo linalovuta meta za ujazo 10,000 za hewa safi kwa saa litahitaji kilo 60 za maji kila saa, yaani ndoo tatu kubwa. Kila kilo ya maji yadai kilojuli 2,450 hivi ili igeuke mvuke. Hivyo basi zatumika kilowati 40 kwa kazi hiyo peke yake, mbali na joto la kuwapasha watu.

Wauzaji wa mitambo wanalo jibu. Husema kwamba si lazima kuchemsha maji. Yatosha kuyanyunyiza yakiwa baridi, nayo hewa itayanywa bure. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Maji yanapokauka hewani huchukua joto la hewa yenyewe, kama vile mtungi wa udongo unavyoyapoza maji ya kunywa kwa jasho lake. Katika mfano wetu hewa ingepoa kwa nyuzi 12 hivi, na hapana budi ipashwe upya. Joto hilo laweza kutoka katika gesi iliyo rahisi kuliko umeme, au katika kompyuta zilizokwisha kulizalisha. Bei itapungua, lakini kiasi cha nishati kitabaki kilekile.

Kisha kuna kuta na madirisha. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kudondosha umande juu ya kitu chochote chenye baridi ya chini ya nyuzi 8. Dirisha la kioo kimoja, nje kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, upande wake wa ndani hukaribia kuganda. Maji yatatiririka juu yake mchana kutwa. Dirisha la vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati huenda likasalimika. Jambo la hatari zaidi ni ule mvuke unaopenya ndani ya ukuta wenyewe na kugeuka maji mahali pasipoonekana, mbao zikaoza na ukungu ukaota, ilhali kipimo kilichopo juu ya meza ya meneja chaonyesha asilimia 40 za kupendeza.

Yafaa pia kukumbuka desturi hii ilianzia wapi. Katika viwanda vya kufuma pamba vya Lancashire, Uingereza, mvuke ulipulizwa ndani ya vyumba vya kazi kwa sababu uzi mkavu hukatika. Uzi ulistarehe; mfumaji alilowa. Malalamiko yalizidi hata Bunge likapitisha, mwaka 1889, sheria iliyoweka jedwali la ukomo wa unyevu kwa kila kiwango cha joto, na kuwataka wenye viwanda kupima kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichovikwa kitambaa kibichi. Ni kifaa kilekile kilichomo katika maabara zetu. Na mhandisi Mmarekani Willis Carrier, alipobuni mwaka 1902 mtambo wake wa kuitawala hewa katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, aliitwa kwa ajili ya karatasi, ambazo zilivimba na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zikakosa kuangukia mahali pake. Kwa hiyo swali la nani anayahitaji maji haya si la leo. Karatasi, pamba, ala za muziki na picha za makumbusho huyahitaji kweli, na sina ugomvi na mtambo unaowekwa kwa ajili yake.

Binadamu je? Hapa yapasa tuwatendee haki wenye maoni tofauti. Mwaka 2007 watafiti wa New York walionyesha kwamba virusi vya mafua makali viliambukizana kwa wepesi zaidi baina ya simbilisi wa maabara pale hewa ilipokuwa kavu na baridi. Hoja hiyo ina uzito, na hospitali zina haki ya kuizingatia. Lakini asiyesafisha mtambo wake hubadilisha maradhi kwa maradhi. Mwaka 1959 iliandikwa habari ya mafundi seremala wa Uswisi waliopatwa na homa kwa kuvuta hewa iliyotoka katika mtambo wa unyevu ambao maji yake yalikuwa na ukungu. Tangu hapo homa ya aina hiyo imejulikana katika viwanda na maofisi. Mara nyingi huwashika watu Jumatatu, wanaporudi kazini baada ya mapumziko. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, Louisiana, watu 33 waliugua homa kali ya mapafu iletwayo na bakteria wa jamii ya Legionella, na chanzo kikaonekana kuwa mashine ya ukungu iliyokuwa ikinyunyizia mboga ndani ya duka. Huko Korea ya Kusini wengi walidhani dawa ingemaliza tatizo. Kuanzia mwaka 1994 ziliuzwa dawa za kutiwa katika maji ya mashine za majumbani ili kuua vijidudu; mwaka 2011 ikathibitika kwamba dawa hizo, zikivutwa pamoja na ukungu wa maji, huharibu mapafu, na watu wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mvuke uliochemshwa una usalama mkubwa zaidi, kwa kuwa bakteria hawastahimili kuchemshwa. Hata hivyo ukigeuka tena maji ndani ya njia za hewa, huacha kinamasi kinachokaribisha ukungu. Swali la kumuuliza mwenye jengo, basi, ni nani atakayefungua beseni kila juma, kulisugua na kulikausha, na kama jina lake limeandikwa mahali popote. Pasipo mtu huyo, afadhali midomo ipasuke.

Ziko hatua zisizohitaji hata tone moja. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi sifuri na kushiba mvuke, ikipashwa hadi nyuzi 24, huwa na unyevu wa asilimia 20. Ikiishia nyuzi 20, huwa na asilimia 26. Maofisi mengi ya nchi za baridi hupashwa joto kupita kiasi, watu wakikaa na mashati ya mikono mifupi huku theluji ikianguka dirishani, kisha hununuliwa mtambo wa kutibu ukavu ambao wameuzalisha wenyewe. Aidha kila mtu aliyeketi hutoa karibu gramu 50 za maji kwa saa kwa pumzi na jasho. Yako magurudumu yanayozunguka baina ya hewa itokayo na hewa iingiayo, yakirudisha ndani sehemu ya unyevu huo pamoja na joto. Huo ndio ununuzi ningeuunga mkono kwanza. Wengine hushauri kupunguza hewa safi ili unyevu wa watu usipotee, lakini ugonjwa wa UVIKO-19 ulitufundisha tangu mwaka 2020 kwamba hewa safi si kitu cha kukifanyia ubahili.

Mwalimu wa Dar es Salaam hana theluji ya kuwaonyesha wanafunzi, lakini anacho kiyoyozi, ambacho hufanya hesabu hii kwa kinyume: huipoza hewa mpaka maji yake yadondoke. Na akinge ndoo chini ya ule mpira unaotoa maji nje ya ukuta, apime kilo zilizopatikana kwa saa moja, kisha wanafunzi wazidishe kwa 2,450 na kugawanya kwa 3,600. Watapata kilowati zilizotumika kukausha hewa tu, kabla haijapozwa hata kwa nyuzi moja.