"Andika Amri Moja Tu"... na Bando Lako Liende

Hebu tuambiane ukweli, wadau. Zile kurasa za kufundisha programu zinazosema "fungua dirisha la amri, andika mstari mmoja, umemaliza" zimeandikwa na watu wasiohesabu megabaiti. Hilo peke yake halinisumbui, wao wana mtandao wao na sisi tuna wetu. Kinachonikera ni wahadhiri na wakufunzi wetu hapa Kenya wanaonakili mstari ule ule, wakaubandika kwenye slaidi, kisha wakamwambia mwanafunzi aje Jumatatu kipakatalishi kikiwa tayari.

Chukua PyTorch. Ukiwa kwenye Linux ukaandika pip install torch, hupati PyTorch peke yake. Unashushiwa pia rundo la maktaba za CUDA, ambazo kazi yake ni kuzungumza na kadi za picha za NVIDIA. Jumla inapita gigabaiti 2! Sasa niambie, ni wangapi darasani wenye kadi ya NVIDIA? Wengi wana mashine za mtumba zenye picha za Intel za ndani kwa ndani. Mzigo wote huo utakaa kwenye diski bila kuguswa hata siku moja. Toleo lisilo na CUDA lipo, halifiki hata robo ya ukubwa huo, na unalipata kwa kuongeza maneno machache:

pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu

Kichekesho ni kwamba kwenye Windows mambo ni kinyume, amri fupi inakuletea toleo dogo. Kwa hivyo anayeadhibiwa ni yule aliyesikiliza mahubiri yetu akahamia Ubuntu. Haya basi.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniandikia. Alinunua bando la saa 24, akaanza kupakua usiku, likakatika katikati. Akaanza tena. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba pip za kabla ya 2025 hazijui kuendelea pale mpakuo ulipokatikia, zinarudi mwanzo kabisa. Na Ubuntu 24.04 inakuja na pip 24.0. Bando mbili zikaenda hivyo. Kilichoniuma zaidi ni swali lake: aliniuliza kama abadilishe mradi wa mwaka wa mwisho, kwa sababu "labda hii kompyuta si yangu, si kitu ninachoweza." Binti anayejua aljebra ya matriki kuliko mimi! Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchora mstari kati ya nukta za mvua na mavuno. Hakuhitaji PyTorch hata kidogo. NumPy ingetosha, na NumPy haifiki megabaiti 25. Ongeza SciPy, pandas na matplotlib pamoja na vijukuu vyake vyote, unakaribia megabaiti 100. Lakini slaidi ilisema torch, akaandika torch.

Halafu kuna ile ya --break-system-packages. Tangu Debian 12 ilipotoka 2023, na Ubuntu za kuanzia mwaka huo, pip inakataa kuingiza maktaba kwenye Python ya mfumo. Inakataa kwa sababu nzuri: mfumo wenyewe unaitegemea Python hiyo. Kisha unakuta mwalimu mzima anafundisha watoto waongeze maneno hayo ili "kosa liondoke". Jamani, jina lenyewe linakwambia kinachofuata ni kuvunja! Njia sahihi ni fupi vile vile:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv mazoezi
source mazoezi/bin/activate

Na ukitaka SciPy tu ya kufanyia mazoezi ya muhula wa kwanza, sudo apt install python3-scipy inamaliza kazi, hata venv huihitaji.

Najua jibu nitakalopewa: "siku hizi si lazima kuweka chochote, tumia daftari za mtandaoni." Sawa, ukihitaji kadi ya picha ya kuazima kwa saa mbili, zitumie, mimi pia nazitumia. Lakini kumfanya mwanafunzi alipie mtandao kila anapotaka kuzidisha matriki mbili, na kikao kikilala faili ambazo hakuzihifadhi kwingine zinapotea, huko si kumrahisishia. Ni kumpangisha nyumba ilhali ana kiwanja chake.

Wenye mashine za Windows 7 nao wanaambiwa mashine imekufa. Haijafa. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuikubali, na NumPy 1.24 inafanya kazi juu yake. Singeipeleka mashine hiyo benki, lakini kutatua milinganyo inaweza.

Dawa ya haya yote tunayo tangu zamani, na inaitwa flashi. Mwalimu akae kwenye waifai ya chuo mara moja tu:

pip download numpy scipy pandas matplotlib -d maktaba

Folda hiyo aipitishe darasani. Mwanafunzi anaandika pip install --no-index --find-links maktaba numpy scipy pandas matplotlib, na pip haigusi intaneti kabisa. Angalizo moja: faili hizo hufuata aina ya mfumo na toleo la Python, kwa hivyo za Ubuntu hazitaingia Windows. Tengeneza folda mbili. Kwa ile ya Windows huhitaji hata kutafuta mashine ya Windows, ongeza --platform win_amd64 --python-version 3.12 --only-binary=:all: ukiwa hapo hapo kwenye Linux yako, na uwaambie wote waweke Python 3.12. Weka na kisakinishi chenyewe humo humo.

Wahadhiri mnaosoma hapa, muhula unaanza Septemba.