Kelele haisimamishi gari

Wasee wa Subaru, tuambiane ukweli. Safari Rally ikikaribia, mnakimbilia Grogan kutafuta ekzosi itakayosikika hadi Naivasha. Sawa, hata mimi napenda ule mlio. Lakini soma ubavu wa tairi lako: zile namba nne za mwisho, tuseme 2214, ni wiki ya 22 ya mwaka 2014. Hiyo ndiyo raba unateremka nayo Mai Mahiu na marafiki wanne ndani? Na mkanda wa taimingi wa hiyo EJ20 ulibadilishwa lini? Ukikatika, vali zinagonga pistoni, na injini kwisha. Breki padi hata siulizi. Usiniambie ati pesa hakuna. Ekzosi ulinunua na nini?